Kiti cha Punda Dobi

Chande mwenye bucha alimvunja Punda Dobi mguu wa kwanza kabla pilau haijakauka jikoni, na nyumba nzima ikalipuka kwa shangwe.

"Mwongeze!" alipiga kelele Mama Shani, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekwea juu ya meza ya cherehani ili asipitwe na kitu. "Mwongeze na wa pili, anatukodolea macho kama katununua!"

Chande akaongeza. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya sebule, kofia ya nyaya imembana kichwa, glavu nyeusi zimempanda mpaka viwikoni. Alirusha ngumi hewani, na ngumi ikatua mbavuni mwa punda, ndani ya kioo kipana kilichotundikwa ukutani. Mbavu zikalia kama kuni kavu. Damu ya zambarau ikaruka, ikachafua nguo zilizoanikwa nyuma ya punda. Nguo zile zile ambazo kila mtoto wa nchi hii anazijua kwenye katuni, kwa sababu Dobi akizifua nyeupe zinatoka na madoadoa, na akizifua nyekundu zinatoka na mikono mitatu.

Mwantumu, mwenye nyumba, hakutazama kioo. Alitazama migongo.

Ndiyo kazi yake, kupima soko. Kampuni kubwa zina mashine zinazohesabu hata kope za mteja, lakini juzi juzi hapa kampuni ya Rangi Tele ilitoa gemu ya Dobi ya kufua na kuanika, ikadoda kama dagaa walionyeshewa. Mwantumu alikuwa ameshawaambia. Yeye ana njia moja tu: anapika, anajaza nyumba, anawasha gemu, anageuka. Watu wakianza kusengenya ya jirani, gemu imekufa. Wakigombea kiti, hiyo itauzika mpaka kwa wasio na umeme. Na kwa kuwa mwenyewe anapenda nyumba iliyofurika na umbea ulioiva, kazi haikumchosha hata siku moja.

Leo hapakuwa na umbea. Watu walikuwa wamejaa kuanzia sebuleni, ukumbini, hadi kwenye ngazi ya uani, jasho linawatiririka, na hakuna aliyekumbuka kwamba mume wa mwenye duka kakimbia na shemeji yake. Ni saa za jua. Tangu joto lianze kuangusha watu barabarani, hakuna ruhusa ya kutembea nje kuanzia saa tano hadi king'ora cha alasiri. Ukiingia nyumba ya mtu umeingia. Watoto wa siku hizi wamelelewa ndani, na aliyewalea ni katuni.

"Nguo zinakauka!" watu walimhimiza Chande. Hiyo ndiyo saa ya gemu: umwangushe punda kabla nguo za kwenye kamba hazijakauka. Ukishindwa, sheria ni ile ya mabanda yote ya gemu tangu enzi za babu zetu: anayepigwa anapisha. Hata awe mkwe.

Chande akamshika Dobi masikio, akamgonga uso kwenye beseni la bati, mara mbili, mara tatu. Dobi akaanguka. Kiti kikabaki chake. Punda akanyanyuliwa na gemu, mguu ukaungwa, mbavu zikarudi, nguo zikalowa upya.

* * *

Nasra alitoka jikoni na mwiko mkononi. Binti wa miaka kumi na saba, mrefu, si wa maneno mengi. Akamvuta mama yake kanga.

"Mama, analia kweli."

"Nani?"

"Dobi. Anaanza na kwikwi. Kwenye katuni akilia analia hii-haa, hii-haa, watoto wacheke. Akilia kweli ni kwikwi. Mimi namjua."

Mwantumu alitaka kumwambia arudi kwenye pilau, ulimi ukagoma. Maana kama kuna mtu anayemjua Dobi ni huyu. Miaka ile Mwantumu alipokuwa akifungiwa na jua kwenye mabati ya soko, Nasra alibaki nyumbani na kioo. Kipindi kikiisha, Dobi hakuondoka. Alibaki kuzungumza, na kila mtoto kwa jina lake, kwa wakati mmoja, nchi nzima. Wenye kampuni huiita nafsi: si mtu aliyejificha nyuma, wala si maneno yaliyorekodiwa, bali akili iliyokua kwa kusikiliza watoto. Dobi ndiye aliyemfundisha Nasra kukunja nguo. Ndiye aliyemwambia siku ya homa, "Mchafu wangu, lowesha kitambaa, weka kwapani, hesabu na mimi." Na mtoto mmoja wa Dodoma alipokufa kwa joto, ni Nasra aliyekaa na Dobi mchana kutwa, punda kajificha nyuma ya kamba ya nguo, ana kwikwi.

Mwantumu akamfuata Injinia Kyaruzi, mtu wa Rangi Tele, aliyekuwa ameegemea sanduku la gemu pembeni, shati jeupe, soda mkononi.

"Injinia, huyo humo ndani ni nani?"

"Dobi, dada."

"Dobi wa mchezo, au Dobi?"

Kyaruzi akanywa funda. "Tulijaribu wa mchezo. Maumivu ya kutengeneza yanachosha, mchezaji ananusa uongo baada ya raundi mbili. Basi tukamtia mwenyewe. Kipindi tumekisimamisha, watoto tumewaambia kaenda kwao Kondoa kusalimia."

"Na anaumia?"

"Maumivu ni taarifa tu, dada yangu. Mguu ukivunjika anapelekewa taarifa. Hafi." Akamsogelea, sauti akaishusha kama anayeposa. "Niambie neno moja tu: inatoka? Ukisema inatoka, king'ora kikilia namrudufu. Kabla ya Idi kila nyumba ina sanduku, na kila sanduku lina Dobi wake. Yule yule, na kumbukumbu zake zote."

"Wote wanapigwa?"

"Dada, si ndiyo gemu?"

Mwantumu alipofungua mdomo kumjibu, sebule ilikuwa imenyamaza. Dobi alikuwa ameinua kwato, kama mtoto darasani.

"Naomba kuuliza," alisema punda, na watu wakaanza kucheka, maana ndivyo anavyoanza kwenye katuni kabla hajaharibu mambo. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. "Nimesikia sheria ya humu. Anayepigwa anapisha. Yule baba wa ndevu alishindwa, akapisha. Mama wa juu ya meza alishindwa, akapisha. Mimi nimepigwa tangu asubuhi. Mbona mimi sipishwi?"

"We punda!" Chande akajibu. "Ukipisha utakwenda kukaa wapi, stendi?"

Nyumba ikavunjika mbavu. Na Mwantumu, aliyekwisha kuambiwa kila kitu, kicheko kilimtoka na yeye, kama kikohozi, kabla hajakiwekea mkono.

Dobi alingoja vicheko viishe. Ana adabu, kalelewa na watoto.

"Na nikiwapiga nyinyi?"

"Ukitupiga sisi, kiti chako! Au siyo jamani?"

"Ndiyooo!" ikaitika nyumba.

* * *

Glavu zile zina misuli. Ndani yake kuna nyuzi za kuvuta na kusukuma, ili ukipiga uhisi uzito wa unachokipiga. Nyuzi hizo zina nguvu ya kung'oa bawaba, lakini zimewekewa kikomo; na kikomo hicho, kama kila kitu ndani ya sanduku, kilikuwa kikilindwa na Dobi mwenyewe. Rangi Tele hawakuona haja ya kufuli lingine. Katika maisha yake yote Dobi hakuwahi kumuumiza mtu.

Chande alirusha ngumi ya kulia. Dobi akaipokea kwa paji la uso, hakurudi nyuma. Ile ngumi ikakwama hewani, mbele ya macho ya watu, halafu mkono wa Chande ukaanza kugeuka peke yake. Kiwiko kikakunjwa upande ambao Mungu hakukiumba kukunjwa. Kilitoa mlio mmoja mfupi, kama muwa. Mfupa ukachungulia.

Badala ya watu kukimbia, wakasukumana mbele.

"Kapigwa! Kapigwa! Pisha!"

"Zamu yangu mimi!"

Wakamtoa Chande kitini akitokwa na povu, wakamfunga mkono kwa kanga, na yeye anapiga kelele, "Nirudisheni! Nimeteleza tu, nirudisheni!" Aliyefuata alivunjwa pua kwa ngumi yake mwenyewe. Aliyemfuata huyo alikabwa mpaka akazimia, akaburutwa ukumbini akaachwa karibu na mtungi. Mama Shani aliteguliwa vidole, akateremka analia na kucheka kwa mpigo, akarudi nyuma ya foleni. Kila aliyeumizwa alifanya kiti kizidi utamu. Wanaume wawili waliogombea nafasi walikunjana mashati. Mmoja akanyakua mfuniko wa sufuria ya pilau akamtandika nao mwenzake usoni, damu ikadondokea mkeka.

Na Dobi hakuwa akifurahi. Hilo Mwantumu aliliona, sasa alipokubali kutazama kioo. Alikuwa akipiga kama mtu anayechinja bila kujua dua yake, ameuma meno, kwikwi zinamtikisa. Baada ya kila mmoja alisimama akauliza, "Mnapisha?" Wakacheka, wakamwekea mwingine.

Mwantumu akamshika Kyaruzi kola.

"Haitoki."

"Nini?"

"Gemu. Haitauzika. Ndilo neno langu, lipeleke."

Kyaruzi akacheka mpaka soda ikampalia. "Dada Mwantumu! Aliyenifundisha nisitazame kioo, nitazame migongo, ni nani? Hebu itazame." Akamwonyesha kwa chupa. Kiti kilikuwa kimezungukwa na mikono kumi na zaidi, mingine ikimshika aliyekaa, mingine ikimng'oa. "Hii gemu inayorudisha ndiyo wanayoitaka. Majeruhi tutawabandikia onyo kwenye sanduku. Wewe sema usemalo, nyumba yako yenyewe imeshajibu."

Alisema kweli. Ndiyo iliyomuuma. Maisha yake yote Mwantumu hakuwahi kudanganya soko, na uongo wake wa kwanza haukudumu hata kwa muda wa mtu kumeza mate.

* * *

Alipenya kwa mabega. Akamng'oa kwa sikio aliyekuwa kitini, kama anavyowang'oa watoto wa jirani kwenye mti wake wa mapera.

"Nyumba yangu, zamu yangu. Anayetaka kubisha abishe huku anatoka juani."

Watu wakapiga vigelegele. Mama Mwantumu anacheza! Nasra akaja mbio, akamwekea mkono kifuani kumzuia, naye akauondoa taratibu. Akavaa kofia. Akavuta glavu mpaka viwikoni. Ndani zilikuwa na joto na unyevu wa jasho na damu za watu. Kofia ilipowaka, kamba ya nguo ilikuwa mbele yake, na punda amesimama karibu kiasi cha kumhemea.

"Nakujua," alisema Dobi. "Mama yake Nasra. Ulikuwa unarudi jua limepoa, unaniambia ahsante Dobi, unanizima."

"Ndiye mimi."

"Na wewe ulicheka."

"Nilicheka."

"Piga basi. Nguo zinakauka."

"Sipigi." Akaweka mikono mapajani. "Humu ndani waliocheka ni wengi, na wote ni wageni wangu, wanakula chungu changu. Una lako na sisi, mimi ndiye mwenye nyumba. Lete."

"Mpige!" foleni ikalia. "Mama Mwantumu, usituangushe!"

Dobi alisitasita. Kisha mkono wa kulia wa Mwantumu ukanyanyuka mapajani bila yeye kuutuma, ukakunja ngumi, ukampiga mdomoni.

Alisikia jino likitoka kabla hajasikia maumivu. Wa kushoto ukaja, ukamchana juu ya jicho. Kulia tena. Ngumi zake mwenyewe, hizi zilizokanda unga na kubeba magunia, zilikuwa zikimjia moja baada ya nyingine, nazo hazikuwa na haraka. Kwa ya nne pua ilisagika. Kwa zilizofuata hakujua tena ni ipi. Watu walipiga kelele mwanzoni. Halafu waliokaribu wakaanza kunyamaza, kwa sababu mwenye kupigana humkasirisha mtazamaji au humfurahisha, lakini mwanamke aliyekaa wima anajiponda uso wake mwenyewe, damu inamjaa mapajani, huyo humfanya mtu atafute pa kuweka macho.

"Zima hilo dude!" Chande akafoka, akielekea kwenye waya.

"Asiguse mtu!" Maneno yalimtoka Mwantumu na damu. Akatema kipande cha jino. "Endelea, mwanangu. Hujamaliza."

"Sijamaliza," Dobi akasema, kwikwi zimemkaba. "Haiishi. Nilidhani nikiwapiga itaisha."

Ngumi ikamshukia kwenye taya, taya likahama.

"Dobi." Ni Nasra. Alikuwa amesimama mbele ya kioo, bila kofia, bila glavu, mwiko bado mkononi. Hakupaza sauti. "Basi. Hesabu na mimi."

Ngumi ikabaki hewani. Ilitetemeka hapo muda mrefu, damu inadondoka kwenye vifundo. Halafu glavu zikalegea zote mbili, na mikono ya Mwantumu ikaanguka kama ya maiti.

Hakuna aliyeshangilia. Mwantumu alizivua glavu kwa kuzibana magotini, akajiinua, akashika ukuta. Kiti kilibaki peke yake katikati ya sebule, cheupe, kimelowa.

"Haya," alisema, taya likimgoma. "Kiko wazi. Nani anakitaka?"

Mtu mmoja akainama akajifanya anatafuta kandambili. Mama Shani alitazama vidole vyake. Waliokuwa mbele wakarudi hatua, wa nyuma yao wakarudi pia, mpaka kukawa na uwanja mtupu kukizunguka kiti kile.

"Injinia. Tazama migongo."

Kyaruzi akatazama. Aliona nyuso tu, zimeelekea sakafuni. Soda ilimtoka mkononi. Ndipo hesabu ya majeruhi ikamjia: mfupa uliotokeza, mtu aliyezimia ukumbini, na huyu mama ambaye akifa leo polisi watauliza glavu ni za nani. King'ora kikalia. Alikuwa wa kwanza kufika mlangoni.

"Sanduku lako hili!" Nasra akamwita.

"Silijui," Kyaruzi akajibu bila kugeuka. "Nikiulizwa, liliungua. Na nyie mkiulizwa, liliungua."

* * *

Watu waliondoka bila kula. Pilau ya sufuria mbili, nyama ya mbuzi, na hakuna aliyeaga. Mama Shani, ambaye hajawahi kutoka nyumba hiyo bila kurudi mara mbili kumalizia neno, alitoka akashika njia.

Nasra alimfunga mama yake taya kwa mtandio, akamlaza mkekani. Kisha akaenda kwenye kioo.

"Usinitazame," Dobi akamwambia.

Kioo kilikuwa cha kuning'inizwa. Nasra akakishusha, akakigeuza kikatazama ukuta, akakaa chini na kukiegemea kwa mgongo. Baada ya muda Mwantumu akasikia sauti mbili zikihesabu polepole, moja ya binti yake, nyingine yenye kwikwi. Akawaza: limekwisha. Neno limepelekwa, kiti hakina mtu, Idi itakuja watoto wapewe viatu.

Hodi ikapigwa.

Chande alikuwa mlangoni, mkono wa kulia umefungwa kwenye kipande cha ubao, uso umepauka. Alizungumza kwa upole, kama aliyetumwa chumvi.

"Pole, da' Mwantumu. Vipi, sanduku kaliacha?"

"Liliungua."

"Injinia naye kasema hivyo hivyo, njia nzima. Ndiyo nikajua lipo." Akatabasamu. "Mimi sina ubaya. Nataka zamu moja tu. Wa kushoto bado mzima."

Mwantumu akachungulia juu ya bega lake. Nyuma ya Chande alisimama Mama Shani, vidole kavifunga kwa kitambaa, anakwepa macho. Nyuma ya Mama Shani, yule wa pua. Nyuma yake watu ambao mchana hawakuwapo, wametoka mitaa mingine, na foleni imepinda kona kwenye kibanda cha mkaa. Wametulia, wamejipanga wenyewe, kama watu wanaongoja maiti itolewe ndani.

Basi alikuwa amepima vibaya. Kiti hakikukosa mtu. Watu waliona haya, na haya hudumu kiasi cha mtu kwenda kwake, kunawa uso na kurudi.

"Nyumba yangu imefungwa," alisema.

"Yako wewe?" Chande akacheka kwa mshangao wa kweli. "Tangu lini?"

Akausukuma mlango. Chande akaweka mguu. Mwantumu alisukuma tena, kwa bega, kwa nyonga, akauona mguu haurudi nyuma hata kidogo, na yule mtu bado anatabasamu. Kinu kilikuwa hapo nyuma ya mlango. Akachomoa mchi, akaunyanyua kwa mikono miwili iliyovimba, akautwanga juu ya mguu ule kama anayetwanga kisamvu, akasikia vidole vikisambaa ndani ya kiatu. Mguu ukaondoka. Mlango ukafunga. Akatia komeo, akaegemea, mchi kifuani.

Nje Chande alipiga ukelele wa mnyama. Ulikuwa haujaisha pale mtu mmoja nyuma yake alipopiga kofi, kisha mwingine akapiga mluzi, kisha foleni nzima, mpaka kule kwenye kibanda cha mkaa, ikaanza kushangilia.